Nadhiri, Kiapo na Ahadi: Msamiati wa Utawa katika Kiswahili

Neno nadhiri lina wenyewe wawili katika Kiswahili, na aghalabu wenyewe hawa hawajuani. Kwa Mswahili wa Lamu au Mombasa, nadhiri ni jambo la sharti. Mja humwahidi Mola wake kwamba akijaliwa mtoto, akipona maradhi au msafiri wake akirudi salama, atafunga siku kadhaa, atachinja au atawalisha maskini. Likishatimia aliloliomba huwa ana deni, nalo deni hilo hulipwa kwa kuondoa nadhiri. Kwa Mkristo wa Nyeri, Kisii au Songea aliyelelewa karibu na misheni ya Kikatoliki, neno lilo hilo humletea taswira nyingine kabisa: binti amepiga magoti mbele ya altare, jamaa zake wakimtazama, naye anatamka kwamba ataishi bila mume, bila mali yake mwenyewe, na chini ya amri ya mkuu wake. Hapa hapana sharti lolote. Hakuomba mvua wala mtoto. Na deni lenyewe haliishi siku moja, bali huendelea kulipwa hadi kaburini.

Makala haya yanakusudia kuifafanua nadhiri hii ya pili pamoja na mashirika ya Kikristo yanayoishi kwayo, kwa kupitia maneno ambayo Kiswahili kimeyatumia kuyataja. Tumeichagua njia ya msamiati kwa sababu wanafunzi wengi wa tafsiri na wa fasihi hukutana na masista, mabruda, wamonaki na mapadri katika matini zao, nao huwachukulia wote kuwa watu wa aina moja. Isitoshe, maneno yenyewe, yaani mtawa, fukara, bikira na utii, hayakubuniwa na wamisionari. Waliyakuta yakiwa na maana zake pwani, wakayatwika mzigo mwingine, na mzigo huo haukukaa sawasawa katika kila neno.

Tuanze na nadhiri yenyewe. Asili yake ni Kiarabu, na neno la Kiebrania neder ni ndugu yake wa damu. Kwa hivyo waliotafsiri Agano la Kale hawakuwa na taabu ya kutafuta istilahi. Hana anayemwomba Mungu mtoto wa kiume na Yeftha anayeomba ushindi vitani wanaweka nadhiri kwa maana ile ile anayoijua mtu wa Lamu. Sura ya thelathini ya kitabu cha Hesabu inaeleza hata namna baba anavyoweza kuitangua nadhiri ya binti yake siku ile anapoisikia. Katika sheria ya Kanisa Katoliki ya mwaka wa 1983, nadhiri ni ahadi anayopewa Mungu, kwa hiari na kwa kufikiri, juu ya jambo jema zaidi linalowezekana. Sharti la 'nikijaliwa' halimo katika fasili hiyo, ingawa halikukatazwa. Nadhiri ya mtawa ni tawi moja tu la mti huu: ni nadhiri inayotolewa hadharani, ikapokelewa na mkuu halali kwa niaba ya Kanisa, nayo haihusu tendo moja bali maisha mazima.

Hapa inafaa tutenganishe nadhiri na jirani zake wawili. Padri wa jimbo, yule tunayemwona parokiani, hana nadhiri. Anapopewa ushemasi hushika useja, na humwahidi askofu wake utii. Hizo ni ahadi. Hakuahidi ufukara, kwa hivyo akinunua gari au shamba kwa fedha zake halali, hajavunja lolote. Waumini wanaomnung'unikia kwa hilo huwa wanampima kwa kipimo cha mtu mwingine.

Jirani wa pili ni kiapo. Wamisionari wa Afrika, walioanzishwa na Askofu Mkuu Lavigerie kule Algiers mwaka wa 1868, ambao wazee wetu waliwaita Mapadri Weupe kwa sababu ya kanzu zao za mtindo wa Afrika ya Kaskazini, hawaweki nadhiri za kitawa. Wao hula kiapo cha kuitumikia misheni ya Afrika maisha yao yote. Ndivyo ilivyo pia kwa Wamisionari wa Mill Hill, ambao historia yao katika Kenya ya magharibi inajulikana. Kisheria hivi ni vyama vya maisha ya kitume, wala si mashirika ya watawa. Kiswahili kimeihifadhi tofauti hii katika vitenzi, ijapokuwa wasemaji hawaizingatii sana: nadhiri huwekwa au hufungwa, ilhali kiapo huliwa. Kitenzi hicho cha kula kina historia yake, kwa sababu kiapo zamani kilikuwa pia mtihani wa kumjua mwongo, na mwongo alidhaniwa kudhurika. Nadhiri haina tishio la namna hiyo ndani yake. Mfasiri anayeandika kwamba sista 'alikula kiapo' amemhamishia sista huyo mahakamani.

Aliyetawa na asiyetawa

Neno mtawa limetokana na kitenzi kutawa, yaani kukaa ndani, kujitenga na macho ya watu. Katika miji ya pwani waliotawa ni wanawake wa tabaka la juu, ambao heshima yao ilipimwa kwa kutoonekana njiani. Kutoka hapo maana ikaenea hadi kwa mcha Mungu aliyejitenga na dunia ili aabudu. Wamisionari walipotafuta neno la kumtaja mtu wa nadhiri, hili lilikuwa tayari.

Neno hilo linawafaa sana waliotangulia. Utawa wa Kikristo ulianzia Afrika, jambo ambalo vitabu vyetu vya shule hulitaja kwa haraka mno. Antonio wa Misri, aliyefariki mwaka wa 356, aliuza urithi wake akaenda kukaa jangwani peke yake. Pakomi, wa kizazi kilichofuata, aliwakusanya wapweke hao katika makao ya pamoja kule Misri ya juu, akawapa kanuni ya sala, kazi na chakula. Walio peke yao na walio pamoja, wote walitawa. Huko Italia katika karne ya sita Benedikto aliandika Kanuni ambayo ndiyo msingi wa utawa wa Ulaya Magharibi. Anayetaka kujiunga hasomewi hati moja akakubaliwa. Kanuni yote husomwa mbele yake mara tatu katika muda wa mwaka mmoja, na kila mara huambiwa kwamba akishindwa aende zake. Akiishavumilia, huandika ahadi yake kwa mkono wake mwenyewe; asiyejua kuandika humwomba mwenziwe amwandikie, kisha yeye hutia alama na kuiweka hati altareni. Mambo anayoahidi ni matatu: kudumu katika jumuiya aliyoingia, kuugeuza mwenendo wake, na utii. Msomaji atagundua kwamba ufukara na useja havikutajwa kwa majina. Vimo ndani ya huo mwenendo. Utatu tuuzoeao leo wa utii, ufukara na usafi ulikuja kushika mizizi baadaye, nao umetajwa waziwazi mwanzoni mwa Kanuni ya Wafransisko iliyoidhinishwa mwaka wa 1223.

Hiyo nadhiri ya kudumu mahali si ya nadharia tu kwetu sisi. Wamonaki wa Kitrapisti walianzisha monasteri Lumbwa, yaani Kipkelion ya leo, mnamo mwaka wa 1956, wakitokea Uholanzi. Ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 zilipoliunguza Bonde la Ufa, wamonaki hao waliyaacha makao ya nusu karne, na mwaka wa 2008 wakahamia Uganda. Je, walivunja nadhiri? La. Nadhiri ya mmonaki humfunga kwa jumuiya kabla ya kumfunga kwa ardhi, na jumuiya ilihama pamoja. Lakini ni dhahiri kwamba neno kudumu lilipitia mtihani ambao Benedikto mwenyewe angeuelewa, maana naye aliishi katika nchi iliyokuwa ikiraruliwa na vita.

Sasa tuwaangalie masista tunaowajua: walimu, wauguzi, madereva wa matatu ya shule, wahasibu wa hospitali. Hawa hawatawi hata kidogo. Kwa karne nyingi sheria ya Kanisa iliwataka wanawake wenye nadhiri wakae ndani ya kuta. Amri ya Papa Bonifasi wa Nane ya mwaka wa 1298 ilikuwa kali, na Mtaguso wa Trento ukaikazia. Vinsenti wa Paulo na Luisa wa Marillac walipotaka wanawake waende majumbani kwa wagonjwa wa Paris mwaka wa 1633, walikwepa kuwaita watawa. Mabinti wao wa Upendo hadi leo huweka nadhiri za mwaka mmoja na kuzirudia kila mwaka. Mashirika ya masista wa nadhiri za kawaida, wanaotoka kwenda kazini, yalitambuliwa rasmi kuwa ya kitawa mwaka wa 1900 tu. Kwa hivyo masista wa kwanza kufika katika upwa wetu walifika kabla sheria haijawapa jina lao kamili. Kiswahili hakikungoja sheria. Kiliwaita watawa hali kinawaona sokoni, na neno likaanza kumtaja mtu asiyetawa. Waliobaki katika maana ya asili ni wachache, kama Wakarmeli wa kike ambao hata hapa Nairobi wana monasteri yao.

Fukara mwenye digrii

Ufukara ndio nadhiri inayozua maswali mengi zaidi, na kosa kubwa linatokana na lugha. Fukara katika matumizi ya kila siku ni mtu hohehahe, aliye chini hata ya maskini. Basi mtu amwonapo sista akiendesha gari jipya au akihitimu shahada ya uzamili, huuliza ufukara wenyewe uko wapi. Kinachosahauliwa ni kwamba ufukara wa nadhiri ni kutomiliki, si kukosa. Gari si lake. Ni la shirika, na kesho anaweza kuambiwa amkabidhi mwingine. Benedikto alimkataza mmonaki hata kitabu, kibao cha kuandikia na kalamu, iwapo angevihesabu kuwa vyake.

Sheria ya sasa inaeleza jambo hili kwa makini. Kabla ya nadhiri za kwanza, mtu humkabidhi mwingine usimamizi wa mali aliyo nayo. Kabla ya nadhiri za daima huandika wasia unaokubalika katika sheria za nchi. Chochote anachokichuma kwa kazi yake baada ya hapo, au anachopewa kwa ajili ya shirika, ni cha shirika. Na malipo ya uzeeni huingia humo humo kwa kawaida. Kwa hivyo mwalimu sista aliyeajiriwa na Tume ya Huduma kwa Walimu hulipwa mshahara sawa na wenzake, lakini mshahara huo huingia katika hazina ya pamoja, naye huomba nauli kama wanavyoomba wengine. Mashirika mengine huenda mbali zaidi na kumtaka mwanachama aikane kabisa hata mali ya urithi.

Maoni yetu ni kwamba katika mazingira yetu nadhiri hii huwalemea jamaa kuliko inavyomlemea mtawa mwenyewe. Mtoto aliyesomeshwa katika familia nyingi za Kenya ndiye tegemeo la wadogo zake. Mazao ya kahawa au ng'ombe wa mwisho viliuzwa ili ada ilipwe. Anapoingia shirikani, yeye hulishwa, huvishwa na hutibiwa. Anayebaki na mkono mtupu ni mama yake. Yapo mashirika ambayo huruhusu msaada fulani kwa wazazi wenye shida, na yapo ambayo huona hilo kuwa mlango wa kuuvunja umoja wa mali. Kanuni zilizoandikwa Ulaya, ambako mzee ana malipo ya serikali, hazikuwa na haja ya kulijibu swali hili, na mashirika yaliyozaliwa hapa yamelazimika kulijibu yenyewe.

Bikira, mseja, msafi

Kuhusu nadhiri ya pili Kiswahili kinayumba kati ya maneno matatu. Katika nchi za Maziwa Makuu neno bikira, lenye asili ya Kiarabu, lilijikita mapema: Bannabikira wa Uganda, walioanzishwa mwaka wa 1910, na Benebikira wa Rwanda wote wamelibeba katika majina yao. Hata hivyo ubikira hutaja hali ya mwili. Mjane aliyezaa watoto anaweza kupokelewa shirikani na kuweka nadhiri, naye si bikira. Useja ni neno pana na la wazi, ila hutaja kutooa au kutoolewa tu. Kapera wa mjini ni mseja pia, na mwenendo wake hauulizwi. Usafi wa moyo, au usafi kamili kama wengine wanavyosema, hutaja fadhila, lakini msikilizaji hubaki akidhani kwamba waliooana ni wachafu. Sheria yenyewe huyaunganisha mawili: usafi unaodai kujizuia kikamilifu katika hali ya useja. Kwa mtazamo wetu useja ndio unaofaa zaidi panapozungumzwa wajibu, na usafi panapozungumzwa maisha ya kiroho. Ubikira uachiwe majina ya mashirika na ushairi.

Jamii za Afrika Mashariki zilipokea nadhiri hii kwa mashaka, kwani kutozaa kulihesabiwa kuwa bahati mbaya, wala halikuwa jambo la kuchagua. Wakati huo huo jamii zilipata njia za kuitafsiri. Irene Stefani, sista wa Konsolata kutoka Italia, alifika Kenya mwaka wa 1915, akawauguza wapagazi wa vita vya kwanza vya dunia, kisha akafundisha Gikondi hadi alipofariki mwaka wa 1930 kwa tauni, aliyoambukizwa na mgonjwa aliyemhudumia. Wagikuyu walimwita Nyaatha, mama mwenye huruma. Alipotangazwa mwenye heri mjini Nyeri tarehe 23 Mei 2015, jina hilo ndilo lililokuwa midomoni mwa watu. Mwanamke aliyeahidi kutozaa aliitwa mama na watu ambao kwao neno hilo halikutolewa ovyo.

Utii katika kisiwa cha watumwa

Mnamo mwaka wa 1860 masista wa Mabinti wa Maria walifika Unguja kutoka kisiwa cha Réunion. Shirika lao lilikuwa limeanzishwa mwaka wa 1849, mwaka mmoja baada ya utumwa kufutwa kisiwani humo, nalo liliwapokea pamoja wanawake weupe na wanawake waliotoka utumwani. Soko la watumwa la Unguja lilikuwa wazi, na lingeendelea kuwa wazi hadi mwaka wa 1873. Mapadri wa Roho Mtakatifu waliofuata, na waliofungua Bagamoyo mwaka wa 1868, waliwakomboa watumwa kwa kuwanunua. Hebu tufikirie maana ya neno utii katika mji kama huo. Mtumwa alitii, mke alitii, mtoto alitii. Ni kwa njia gani mwanamke aliyeahidi kutii maisha yake yote angeweza kuonekana kuwa huru?

Jibu la sheria liko katika namna ya kuingia. Nadhiri iliyowekwa kwa kulazimishwa, kwa hofu kubwa au kwa hadaa haipo. Ni batili tangu mwanzo. Kwa sababu hiyo kuna hatua ndefu: unovisi wa miezi kumi na miwili kwa uchache, kisha nadhiri za muda kwa miaka isiyopungua mitatu, na za daima haziwezi kuwekwa kabla ya kutimiza umri wa miaka ishirini na mmoja. Na mkuu hana haki ya kuamuru apendavyo, kwa maana anafungwa na katiba ya shirika. Fransisko wa Asizi aliwaambia ndugu zake watii katika yale yasiyopingana na dhamiri na Kanuni yao. Mtumwa hakuwa na kanuni ya kumwonyesha bwana wake. Ni kweli pia kwamba wapo wakuu waliouchukua utii kuwa fimbo, na historia ya misheni haikosi masista wa Kiafrika waliofanywa wapishi na wafuaji wa mapadri kwa jina la nadhiri hii. Sheria na maisha havikuwahi kuwa kitu kimoja.

Mashirika mengine huongeza nadhiri ya nne. Wajesuiti, walioidhinishwa mwaka wa 1540, humwahidi Papa utii wa pekee katika kutumwa. Masista wa Mama Teresa huahidi kuwatumikia maskini wa chini kabisa. Lile shirika lililoanzishwa Barcelona mwaka wa 1218 na Petro Nolasko liliahidi kuwakomboa mateka, hata ikibidi mwanachama abaki rehani mahali pao. Tukumbuke vilevile kwamba nadhiri si za Wakatoliki pekee: Waanglikana wana jumuiya iliyoanzishwa na Askofu Frank Weston mwaka wa 1911, na kutokana nayo Chama cha Mariamu Mtakatifu cha Tanzania, ambacho kilichagua neno chama mahali ambapo Wakatoliki husema shirika.

Limebaki suala la kutoka. Mwenye nadhiri za muda huzingoja ziishe, akaenda zake kwa amani. Mwenye nadhiri za daima huomba ruhusa: katika shirika la kipapa ombi hufika Roma, katika shirika la kijimbo askofu huweza kuitoa. Anayetoka hana haki ya kudai malipo ya miaka aliyofanya kazi, ingawa shirika linaagizwa kumtendea kwa haki na upendo. Sista aliyefundisha miaka ishirini anaweza kujikuta akianza maisha akiwa na sanduku moja na barua. Kwa mtu huyu Kiswahili cha kanisani husema amefunguliwa, au ameondolewa, nadhiri. Na hapo ndipo wale wenyewe wawili wa neno wanapokutana bila kusikilizana. Kule pwani, na hata katika Zaburi za Biblia ya mwaka wa 1952, aliyeondoa nadhiri ni yule aliyeitimiza. Konventini, aliyeondolewa nadhiri ni yule aliyeachiliwa asiitimize. Kitenzi ni kimoja, kauli ya kutendwa ndiyo iliyoongezwa, na kamusi zetu zingefanya vyema kuziweka maana zote mbili kando kwa kando.